Mkono Unaopita Chini ya Mfupa

Mjomba wangu alichimba dhahabu Misisi kwa miaka 18, na hadi leo akishika jiwe lolote hulipiga kwanza. Likiwa dogo hulipiga kwa ukucha, likiwa kubwa kwa kisogo cha nyundo, kisha hunyamaza. Watoto wa jirani hapa Baraka wakimkuta hivyo hudhani mzee anasali. Anasikiliza. Jiwe zima, asema, hulia kwa sauti ya juu kama chuma. Lenye ufa hujibu chini chini kama mtungi uliopasuka. Na lile lenye mshipa mweupe ndani, ambao ndio huweza kubeba dhahabu, lina sauti ya tatu. Hiyo hajapata kunieleza kwa maneno. Hunishika mkono tu, "Sikia, mwanangu," nami husikia, au huona kama nasikia.

Jioni moja nilimwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa pingili ya mkia wa dinosaria, imesafishwa, imewekwa juu ya kitambaa cheusi, na upande wake wa nyuma una umbo la moyo kama ule unaochorwa kwenye kadi za harusi. Nilitarajia aniulize mnyama huyo alikuwa na ukubwa gani, alikula nini, alikufa lini. Mjomba akaisogeza simu karibu na taa, akaitazama picha kwa muda mrefu, akauliza: "Chini yake walipitaje?"

Sikumwelewa mara moja. Akageuza kiganja chake juu, akakipitisha polepole chini ya simu niliyoishika, kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyelala bila kutaka aamke. Upande wa juu, alisema, kila mwenye macho anaweza kuuchimba. Upande wa chini hauonekani, umeshikana na mwamba, na ndio unaovunjika. Aliyepitisha mkono huko na kitu kikatoka kizima, huyo ndiye fundi.

Tangu siku hiyo nimesoma habari za dinosaria nikitafuta jibu la swali lake.

Fizi, eneo letu hili la Baraka na Misisi, haina dinosaria. Miamba ya Itombwe, na ile inayoshuka kwa kasi kutoka milimani hadi ufukwe wa Tanganika, iliundwa, ikakunjwa na kupikwa na joto la chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Dinosaria walikuja baadaye sana na wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kutafuta mfupa wao katika mashimo ya Misisi ni kama kutafuta jina la mjukuu katika daftari la ubatizo la babu wa babu yake. Ziwa nalo, ambalo sisi huliona la kale kuliko kila kitu, lina umri wa takribani miaka milioni 10 hivi. Milima yetu ni mizee mno na ziwa letu ni changa mno.

Lakini fuata ziwa hilohilo kuelekea kusini mpaka linakoishia, shuka upande wa Tanzania, vuka nyanda za juu za Ufipa uteremke kwenye bonde la Rukwa. Bonde hilo ni tawi la Bonde la Ufa lilelile linalobeba Tanganika. Kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa, katika nchi ya Songwe, kuna miamba myekundu ambayo wanajiolojia huiita tabaka la Galula. Ni mchanga na tope la mito ya enzi ya Kretasia, mito iliyohamahama ikimwaga mizigo yake huku na huku, ikazika juu ya mzigo mmoja mzigo mwingine, hadi vyote vikawa mawe. Kwa mtu wa Baraka dinosaria wa humo ndio jirani zaidi. Tunachangia nao ufa mmoja wa ardhi.

Kumpata mnyama katika miamba kama hiyo huanza kwa kutembea. Mvua hukata kingo za korongo, na kiangazi kikifika watu hupita chini yake macho yakiwa ardhini, wakitafuta vipande vilivyoporomoka. Kipande kikionekana hakitoshi. Swali ni kimetoka wapi. Basi hufuatwa njia ya maporomoko kwenda juu, kipande baada ya kipande, mpaka pale mfupa unapochungulia kwenye ukuta. Na mfupa uliogeuka jiwe hutofautiana vipi na jiwe la kawaida? Rangi husaidia, na vile vitundu vidogo vidogo vya ndani kama sifongo. Wakibaki na shaka, wataalamu wengi hufanya jambo ambalo mjomba alilipenda kuliko yote niliyomsimulia: hukilamba. Mfupa wa kale una vinyweleo vinavyofyonza mate, hivyo ulimi hunata. Jiwe tupu hauling'ang'anii. Mjomba alicheka kwa furaha ya mtu aliyesikia habari za ndugu yake wa mbali. Yeye masikio, wao ulimi.

Yule mwenye pingili ya moyo alionekana mwaka 2004, juu kwenye ukuta wa korongo la mto Mtuka, mto ambao hukauka kiangazi. Kazi ya kumtoa ilirudiwa kila msimu hadi mwaka 2008. Fikiria ugumu wake. Mfupa uliolala kwenye uwanda unaweza kuuzunguka. Mfupa ulio kwenye ukuta umeingiza kichwa ndani ya mlima, na juu yake kuna mwamba wote ulioulalia. Ukimvuta, anakatika. Ukichimba chini yake kwanza, dari inakuangukia wewe na yeye. Lazima uanze mbali, juu, mahali ambapo hakuna mfupa kabisa, uondoe mlima kwa ngazi, na kadiri unavyomkaribia ndivyo unavyobadilisha chombo: sururu, kisha nyundo na patasi, kisha patasi nyembamba, kisha shazia kama ile ya kushonea magunia, mwisho brashi. Siku ambayo chombo kinapaswa kubadilishwa haiandikwi popote. Mkono ndio huijua.

Kwa mnyama mwingine wa tabaka hilohilo la Galula, aliyepewa jina Rukwatitan mwaka 2014, watafiti walifanya jambo la busara sana: waliwaita wachimba makaa ya mawe. Mifupa ilikuwa ndani ya ukuta wa mwamba, na kwa misimu miwili wachimbaji hao walifanya kazi pamoja na wataalamu hadi pingili, mbavu, mifupa ya miguu na ya nyonga ikatoka. Niliposoma hayo nilisimama, nikaenda kumsomea mjomba kwa sauti. Hakushangaa. Alisema mchimba makaa huishi chini ya dari, na anayeishi chini ya dari hujifunza kupiga bila kutikisa. Hujua vumbi linalodondoka kabla ya mwamba kushuka. Hujua kwamba mtaimbo, ule ambao sisi huuita baramina, una nguvu zaidi ukiubonyeza taratibu kwenye ufa kuliko ukiupiga kwa hasira. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kulitaja kila tuta kwenye mfupa wa paja, lakini maarifa hayo ya mikono huchukua miaka chini ya ardhi, na nawaheshimu mno wale watafiti kwa kuyatambua yalipokuwa.

Sasa lile swali la chini.

Mfupa ukishafunguliwa juu na pande zote, haunyanyuliwi. Mwamba ulio chini yake huachwa, halafu huanza kuliwa kutoka pembeni kidogo kidogo, mpaka mfupa na jiwe lake vinakaa juu ya kitako chembamba kama uyoga juu ya mguu wake. Nyufa zote huwa zimenyweshwa gundi nyepesi ambayo hupenya na kukauka ndani. Kisha mfupa hufunikwa kwa karatasi laini iliyoloweshwa, tabaka juu ya tabaka, ili plasta isiushike. Baada ya hapo ni magunia: hukatwa vipande virefu, huchovywa kwenye uji wa plasta, hubandikwa kwa kupishana, vikishuka hadi chini ya kofia ya uyoga na kukunjwa ndani. Hapo ndipo mkono hupita chini. Hupita bila kuona, kwa vidole tu, ukiubana ule mkunjo ili kesho jiwe likigeuzwa kitu kisimwagike. Ni kazi ileile ya muuguzi anayefunga mguu uliovunjika, ila mgonjwa huyu anaweza kuwa na uzito wa watu wanne au zaidi.

Plasta ikikauka, hufika wakati ambao watu hunyamaza. Patasi ndefu hupigwa kwenye mguu wa uyoga. Watu husimama upande mmoja, huhesabu, na kwa pumzi moja hugeuza mzigo wote juu chini. Kama yule aliyekunja magunia jana alifanya haraka, mwamba wa katikati hudondoka, na mfupa uliongoja miaka milioni 100 humwagika miguuni kama mchele kutoka gunia lililotoboka. Kama alifanya sawa, mzigo hulala mgongoni, na kwa mara ya kwanza jua hupiga upande wa chini. Hufunikwa nao kwa plasta, huandikwa namba, huchorwa kwenye ramani ya shimo iliyogawanywa kwa kamba, maana mfupa usiojulikana ulilala wapi na karibu na nani umepoteza nusu ya maneno yake.

Maabara huja baadaye, na huko subira ni ndefu zaidi. Plasta hukatwa, na mtu huketi na darubini na sindano inayotetemeshwa na hewa, akiondoa mchanga punje kwa punje. Mfupa mmoja unaweza kula miezi. Nilimweleza mjomba kwamba mtu hulipwa kwa kuondoa kiasi cha mchanga kinachojaza kijiko kwa siku. Akasema hiyo ni mali nyingi, kama kijiko hicho ndicho chenyewe.

Kuna jambo ambalo mchimba dhahabu anapaswa kujifunza upya akifika kwenye mfupa, na mjomba alilikubali kwa shida. Kwenye dhahabu, kila kisicho dhahabu ni taka. Akina mama hutwanga jiwe likawa unga, unga huoshwa kwenye karai, na mto hubeba yaliyobaki. Kwenye mfupa, taka ndiyo shahidi. Rukwatitan ana jina la pili, bisepultus, maana yake aliyezikwa mara mbili. Namna mifupa ilivyolala na namna mchanga ulivyokuwa umeizunguka ilionyesha kwamba mto wa kale ulimzika, kisha ukamfukua kwa sehemu, ukamzika tena. Kama wachimbaji wangechota mifupa tu na kuupiga teke ule mchanga, mazishi ya pili yasingejulikana kamwe. Jirani yake mwingine, Shingopana, aliyechimbuliwa mwaka 2002 na kupewa jina mwaka 2017, mifupa yake ina vitundu. Mtu mwenye haraka angesema imeoza, aisugue. Aliyeisafisha hakufanya hivyo, na vile vitundu vikatambuliwa kuwa vya wadudu waliotoboa mifupa muda mfupi baada ya mnyama kufa, kabla mto haujamfunika. Kitu kilichodumu saa au siku chache, kazi ya wadudu, kimehifadhiwa na mkono uliojua kuacha.

Mmesikia jina hilo, Shingopana. Ni shingo pana, hakuna siri. Na mwenye pingili ya moyo, aliyetangazwa mwaka 2019, anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa Mtuka mwenye moyo mkiani. Mamba mdogo wa miamba hiyohiyo, mwenye ukubwa wa paka wa nyumbani na meno ya aina mbalimbali kama ya mnyama anyonyeshaye, aliitwa mwaka 2010 Pakasuchus kapilimai: paka kwa lugha yetu, na Kapilima kwa heshima ya marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtafiti wa Japani au Brazili akitaka kuandika habari zao hana budi kuandika Kiswahili. Mimi hulitamka jina la Mnyamawamtuka kwa watoto shuleni, nao hulielewa lote kabla sijaeleza chochote, jambo ambalo halijapata kutokea kwa jina lolote la kisayansi ninaloandika ubaoni.

Kongo yetu nayo ina miamba ya enzi za dinosaria yenye visukuku. Iko mbali nasi, kando ya mto, Kisangani. Wanajiolojia bado huiita kwa jina la kikoloni, tabaka la Stanleyville, na humo mna samaki wa enzi ya Jurasia waliozama kwenye tope la ziwa la kale. Mwaka 1955 Pierre de Saint-Seine alichapisha kitabu juu yao, na makusanyo yamo kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mmoja anaitwa Lualabaea, kwa jina la mto Lualaba. Ufundi wa samaki hawa ni tofauti kabisa. Hakuna plasta wala uyoga. Mwamba wao ni wa bapa juu ya bapa kama kurasa, na mchimbaji huweka patasi kwenye ukingo, hutafuta mstari ambao tope la mwaka mmoja lilikutana na la mwingine, hupiga kidogo, husogea, hupiga tena, akizunguka jiwe lote. Likipasuka vizuri, samaki mmoja hutoka pande mbili: mwili upande huu, alama yake upande ule. Mtu wa Baraka ataelewa haraka, kwani amewaona mama zake wakipasua mikebuka ili kuwakausha. Kisu hufuata uti wa mgongo, na anayejua hahitaji kukikandamiza. Ukimwona anatumia nguvu, ujue amekosa njia.

Wa kale kuliko wote katika ufundi huu kwetu Afrika Mashariki, ambao majina yao angalau machache tunayo, ni watu wa Tendaguru. Kilima hicho kiko bara ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Mhandisi Bernhard Sattler alikutana na mifupa hapo mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa vimeichoma nchi ile na njaa inawamaliza waliobaki. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba hapo chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck. Hayo majina matatu yako kwenye kila kitabu. Mikono ilikuwa ya mamia ya Waafrika, wakafika takribani 500 msimu ulipopamba moto, wengi wakiwa na familia zao. Walitoa zaidi ya tani 200 za mifupa na miamba. Hakukuwa na barabara. Kila mzigo ulikwenda Lindi juu ya kichwa au begani, mwendo wa siku nne, kisha melini. Mmoja wa wanyama hao husimama leo Berlin, amejengwa tangu 1937, kichwa chake kiko juu zaidi ya mita 13.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji, na fundi mkuu wa kusafisha mifupa pale kambini, aliitwa Boheti bin Amrani. Ilichukua karibu miaka mia moja, hadi 2007, ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake: Australodocus bohetii. Nampenda mtu huyu kuliko Wajerumani wote wa vitabu vile, nakiri wazi. Alikuwa na mifupa mingi ya kutoa kuliko Rukwa yote, vyombo vichache, mvua inayorudi kila mwaka, na kila kipande kingebebwa na binadamu kwa siku nne. Kosa lolote la kufunga lingejulikana Berlin, ambako yeye asingekuwepo kulirekebisha.

Na walifunga kwa mianzi. Hilo ndilo nililolibeba kwenda kwa mjomba safari ya mwisho. Mianzi ilipangwa kuzunguka mfupa, fimbo kwa fimbo, ikakazwa ikawa kama ngoma au tenga refu lisilo na mlango, jepesi kubebwa, gumu kubonyea, na mmea wenyewe ukiwa wa nchi hiyohiyo. Nikamwambia kwamba baadhi ya mafurushi hayo hayajafunguliwa hadi leo. Yako Berlin, kwenye rafu, mianzi yake mikavu, na ndani mifupa imelala vilevile ilivyolazwa na watu wa Lindi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Yalivuka bahari, yakapita vita viwili vikuu, na ule mkono uliopita chini bado umeshika.

Mjomba aliinuka bila neno. Akaenda kwenye ua wake wa matete upande wa ziwa, akavunja matete makavu kama kumi, akarudi nayo pamoja na kipande cha nailoni cha wavu wa zamani. Kutoka dirishani akachukua jiwe lake la Misisi, lile lenye mshipa mweupe, analolihifadhi bila kulitwanga. Akalilaza katikati, akapanga matete pande zote, akaanza kufunga: juu, chini, kuvuka, kukaza kwa meno, tena chini. Ilipofika zamu ya upande usioonekana alifumba macho.

Alipomaliza alilitikisa furushi karibu na sikio lake. Kisha akalileta karibu na langu, akalitikisa tena. Ndani hakikusikika kitu.